Injini Kuukuu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Injini ya petroli hudai vitu vinne ili iwake: mafuta, hewa, cheche inayofika kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kikikosekana kimoja haiwaki. Kikipungua huwaka kwa shida, humisi, hunywa mafuta au hutoa moshi. Juu ya hivyo vinne ipo mifumo miwili inayoizuia injini isijiue yenyewe, wa kupoza na wa oili. Gari kuukuu halina magonjwa ya peke yake, lina historia. Limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama: waya uliounganishwa kwa kusokotwa, hosipaipu iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, themostati iliyotolewa na kutupwa. Sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta hitilafu katika injini ya namna hiyo ni kufumua matengenezo ya waliotangulia.

Afrika Mashariki injini hizo nyingi ni za Toyota. Corolla za miaka ya 1990 zilikuja na 5A-FE ya lita 1.5 na 4A-FE ya lita 1.6, zote za distribyuta na mkanda wa taimingi. Probox na IST zilizofuata zikaleta 1NZ-FE yenye cheni na koili moja kwa kila plagi. Hiace za daladala na matatu zilitembelea dizeli za 2L, 3L na 5L. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada gari la umri huo, lakini yaliyokwisha kuingia hayaendi popote. Spea zake zimejaa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, na wepesi huo wa kuzipata ndio uliozaa tabia ya kubahatisha. Plagi hubadilishwa, nafuu haipatikani. Hufuata koili, kisha pampu, kisha sensa, mpaka mwenye gari amelipia nusu ya injini ilhali kosa lilikuwa waya wa athi uliooza chini ya betri.

Gari lisilowaka huanza kujieleza kwa sauti. Ufunguo ukigeuzwa na taa za dashibodi zikafifia kabisa, suala ni betri au vichwa vyake. Betri iliyojaa, iliyotulia kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6, stata ikizunguka haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi, injini ikiwa imewaka, alternata huipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Mita ya bei nafuu inatosha kwa vipimo hivyo vyote, na ajabu ni kwamba gereji bubu nyingi hazina hata moja. Kabla ya kuilaumu betri, vichwa vyake hufunguliwa, husuguliwa mpaka risasi ing'ae, na waya wa athi hufuatwa hadi mahali unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kutu ya mahali hapo huzuia mkondo mkubwa wa stata lakini hupitisha ule mdogo wa taa, ndiyo maana taa kuwaka vizuri si ushahidi kwamba waya ni mzima.

Dalili nyingine ni mlio mmoja wa "tak" bila stata kuzunguka, taa zikiwa hazijafifia. Katika stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota nyingi, ndani ya selenoidi mna vipande viwili vya shaba vinavyolika kadiri miaka inavyopita. Vikishalika, stata hukataa mara moja katika kumi, kisha mara moja katika tatu, mpaka ikagoma kabisa. Vipande hivyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, na fundi umeme wa magari anayejua kazi yake huvibadilisha bila kugusa kitu kingine. Wengi huuziwa stata.

Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, swali ni moja: kinachokosekana ni cheche au mafuta? Plagi zikifunguliwa baada ya majaribio kadhaa hutoa jibu la haraka. Zikiwa zimelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo haipo; zikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Katika injini za distribyuta hukaguliwa kepu na rota, kwa kuwa ncha zake hulika na ufa mwembamba wa kepu hupitisha umeme pembeni, hasa asubuhi yenye unyevu. Sili ya mpira kwenye shina la distribyuta nayo hukauka ikaachia oili kuingia ndani. Toyota za zama hizo zina jambo moja linalowachanganya mafundi: kompyuta ya gari isipopokea ishara kutoka kwenye ignaita kwamba cheche imetoka, husimamisha nozeli pia. Hivyo hitilafu moja ya umeme huonekana kama injini imekosa cheche na mafuta kwa pamoja, na pampu isiyo na kosa hutolewa tangini bure.

Upande wa mafuta, ufunguo ukiwashwa na mlio wa pampu usisikike, hutazamwa kwanza fyuzi na relei. Kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti kina matundu mawili yaliyoandikwa FP na +B. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa, pampu hulazimishwa kufanya kazi. Ikinguruma, mota yake ni nzima na kosa liko kwenye umeme unaoifikia. Isiponguruma, huangaliwa kama umeme unafika kwenye soketi yake tangini kabla ya kuihukumu. Kusikika peke yake hakutoshi, kwa sababu pampu iliyochoka hunguruma huku ikisukuma kidogo. Shinikizo la kawaida katika injini hizi ni takriban psi 38 hadi 44, na likiwa chini ya hapo filta ya mafuta ndiyo hubadilishwa kwanza.

Ubora wa mafuta yenyewe nao huingia katika hesabu. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulienea kiasi cha kuzilazimisha serikali kuchukua hatua: Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua itoweke, Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Petroli iliyochakachuliwa huifanya injini igonge inapopanda mlima, hujaza masizi kwenye plagi, na huleta ugumu wa kuwaka asubuhi. Injini iliyoanza vituko muda mfupi baada ya kujazwa mafuta haihitaji spea yoyote mpaka tangi limwagwe.

Kumisi ni mtikisiko unaotokea silinda moja au zaidi inapokosa kuchoma. Silinda gonjwa hutafutwa kwa kuchomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Ukichomoa ya silinda nzima injini huyumba. Ya silinda iliyokufa haibadilishi kitu. Mafundi wa zamani walizoea kuvuta waya za plagi, lakini umeme wake hupiga vibaya na huweza kuunguza ignaita, kwa hiyo njia ya nozeli ni bora. Silinda ikishajulikana, plagi yake hufunguliwa na kusomwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Oili mbichi kwenye ncha inasema ringi au sili za valvu zimechoka. Weupe uliopauka wenye vipele unasema silinda inachoma kwa joto kali mno. Oili ikikutwa juu, ndani ya shimo la plagi, hiyo ni habari tofauti kabisa: imevuja kutoka kwenye kifuniko cha valvu kupitia sili za mirija ya plagi. Katika 4A-FE na ndugu zake ugonjwa huo ni wa kawaida, na tiba yake ni seti ya mipira midogo. Kwenye 1NZ-FE, koili inayoshukiwa huhamishiwa silinda ya jirani. Kumisi kukiifuata, koili ndiyo mbovu, na kusipoifuata fedha zimeokolewa.

Sailensa inayopanda na kushuka mara nyingi hutokana na hewa ya wizi. Hosipaipu nyembamba za vakyumu zilizokaa karibu na joto kwa miaka 25 hukauka zikapasuka kwa chini, mahali jicho halifiki. Hewa inayopenya humo haijapimwa na sensa wala haijachujwa. Dawa ya kusafishia kabureta ikipulizwa kidogo kidogo kando ya hosi na gasketi ya manifoldi, injini hubadilisha sauti inapofikia penye ufa. Kazi hiyo hufanywa mbali na moto na bila kupuliza kwenye bomba la moshi lililopata moto. Kama hakuna ufa, kilango cha hewa na valvu ndogo inayodhibiti sailensa husafishwa utando mweusi. Skrubu ya sailensa huguswa mwisho, ingawa katika magari mengi ndiyo iliyoguswa kwanza, na inabidi irudishwe ilipokuwa.

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, Toyota za miaka ya 1990 hazihitaji mashine. Katika kisanduku kilekile cha uchunguzi, TE1 na E1 huunganishwa kwa waya, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa. Taa huanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. La sivyo hutoa namba ya tarakimu mbili: 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya kilango cha hewa, 14 ni ishara ya ignaita, 21 ni sensa ya oksijeni, 31 kwa kawaida ni kipimo cha hewa inayoingia. Namba inaonyesha mzunguko wa umeme wenye shida, na haimaanishi kwamba kifaa chenyewe kimekufa. Soketi iliyoingia kutu au waya uliotafunwa na panya hutoa namba ileile. Baada ya matengenezo, fyuzi ya EFI hutolewa kwa sekunde chache ili kumbukumbu ifutike. Magari ya baadaye hutumia namba zinazoanza na P, kama P0301 kwa kumisi kwa silinda ya kwanza au P0171 kwa mchanganyiko wenye mafuta machache, na husomwa kwa mashine. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati mwingine hukataa kuzungumza na mashine ndogo za bei nafuu, hata soketi inapoingia sawasawa.

Kuchemsha ndiko kunakoua injini nyingi zaidi ya kitu kingine chochote, na ndiko kulikozungukwa na matengenezo mabaya kuliko yote. Themostati ndiyo mwathirika wa kwanza. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa kawaida nyuzi 82 hivi, kisha kufunguka. Gari likichemsha, fundi huitoa kwa madai kwamba nchi za joto haziihitaji. Matokeo ni mawili. Kwanza, injini ikiwa barabara kuu haifikii joto lake, sensa ya maji huiambia kompyuta kwamba bado ni baridi, na kompyuta huendelea kumwaga mafuta ya ziada. Plagi hujaa masizi, petroli huchuruzika ikachanganyika na oili, na mwenye gari hulalamika kwamba linakunywa mafuta. La pili halifahamiki sana. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha hata zaidi likiwa na mzigo mlimani. Themostati hupimwa kwa kuichovya kwenye sufuria ya maji jikoni na kutazama inafunguka maji yanapokaribia kuchemka. Ikigoma, inanunuliwa mpya.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani na takriban 94 Nairobi, lakini mfumo uliofungwa kwa kifuniko cha shinikizo la bar 0.9 huyainua mpaka karibu nyuzi 118 pwani. Mpira wa kifuniko ukilegea, kinga hiyo yote hupotea, na gari huanza kutapika maji kwenye chupa ya akiba bila tatizo lingine lolote. Kulanti huongeza kinga hiyo kidogo, na faida yake kubwa zaidi ni kuzuia kutu. Maji ya bomba yaliyotumika miaka mingi huacha magadi na tope la rangi ya matofali ambalo huziba mirija ya rejeta na kula mapanga ya pampu ya maji.

Mahali gari linapochemsha hueleza mengi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, feni haifanyi kazi. Katika Corolla za miaka ya 1990 swichi ya feni imeundwa kwa usalama: soketi yake ikichomolewa, ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, hutafutwa fyuzi, relei au mota. Kuifunga feni dairekti hunusuru safari ya siku moja, lakini huifanyisha kazi mpaka ife, na siku ikifa hakuna atakayejua. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani tu, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Likianza kusukuma mapovu kwenye rejeta muda mfupi baada ya kuwashwa, hosi ya juu ikawa ngumu kabla maji hayajapata joto, gesi za silinda zinapenya, na gasketi ya hedi ndiyo hushukiwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa au moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata joto huthibitisha zaidi.

Gasketi ya hedi haibadilishwi peke yake. Hedi ya aluminiamu iliyochemka hupinda, na kwa 4A-FE upindaji unaovumiliwa ni milimita 0.05, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, ikizidi hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa, na hukaguliwa nyufa kati ya valvu. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Hedi iliyofungwa kwa kukisia nguvu ya mkono hurudi gereji baada ya miezi michache, na mara hiyo mwenye gari huambiwa injini imeisha. Dereva anayeona mshale wa joto umepanda huzima kiyoyozi, husimama, huzima injini na kuacha kifuniko cha rejeta bila kukifungua kwa nusu saa au zaidi. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini ya moto. Kufanya hivyo ndiyo njia ya haraka ya kupasua hedi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotokea hutenganisha visababishi viwili. Ukitoka kwa wingi asubuhi kisha ukakoma, au baada ya kuteremka mlima mrefu mguu ukiwa umeachia mafuta, sili za valvu zimekauka, na katika injini nyingi hubadilishwa bila kutoa hedi. Ukitoka kila gari linapokanyagwa, ringi zimechoka au zimenata. 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyofungwa kwenye baadhi ya Wish, RAV4 na Spacio, inajulikana kwa kula oili katika matoleo yake ya awali: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba, ringi zikanata. Kabla ya kufungua chochote, valvu ndogo ya kupumulia injini hutolewa na kutikiswa. Isipotoa mlio wa kugongagonga imeziba, shinikizo limejaa ndani, na oili inasukumwa mahali isipotakiwa. Kuongeza oili nzito hupunguza moshi kwa muda, na wauzaji wa magari wanalijua hilo. Taa ya oili ikiwaka barabarani, injini huzimwa papo hapo. Kilomita chache za kujaribu bahati zinatosha kuifanya inoki.

Mkanda wa taimingi, kwa injini zinazoutumia, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa mita za magari ya mtumba haziaminiki, gari lisilo na kumbukumbu hubadilishiwa mkanda mara linaponunuliwa, pamoja na pampu ya maji iliyo jirani. Katika 5A-FE na 4A-FE mkanda ukikatika injini huzimika tu, kwa kuwa pistoni hazifikii valvu. Katika dizeli kama 2L pistoni hugonga valvu, na hasara huwa ya hedi nzima.

Dizeli haina cheche, hivyo mgandamizo na mafuta safi ndivyo kila kitu. Inayowaka kwa taabu asubuhi huku ikitoa moshi mweupe kwa kawaida ina hita plagi zilizoungua, na hupimwa moja moja kwa mita. Inayowaka kisha ikazima huenda inavuta hewa kwenye mipira ya kurudishia mafuta au kwenye filta. Moshi mweusi huanzia kwenye kichujio cha hewa kilichoziba na kuishia kwenye nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza. Hedi za 2L na 3L hupasuka zikichemshwa, kwa hiyo yote yaliyosemwa juu ya maji yanazihusu maradufu.

Kipimo cha mgandamizo ndicho hakimu wa mwisho, na kingestahili kufanywa kabla ya neno oveholi kutamkwa. Injini ikiwa ya moto, plagi zote hutolewa, cheche na nozeli hukatwa umeme, pedeli ya mafuta hukanyagwa mpaka chini na stata huzungushwa huku geji ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. 4A-FE nzima husoma karibu psi 191. Chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda iliyo chini huongezewa kijiko cha oili na kupimwa tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zilizolegea; isipobadilika, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika kati yao.

Ringi zikishathibitika, hesabu hubaki kati ya kufanya oveholi na kununua injini ya mtumba, nyingi zikiletwa kutoka Japani au Dubai. Oveholi ina maana tu kama silinda zitapimwa upana na umbo kwenye karakana yenye mashine. Kubadilisha ringi ndani ya silinda iliyolika ni kununua miezi michache. Injini ya mtumba hufungwa haraka, lakini historia yake haijulikani, kwa hiyo geji ileile ya mgandamizo huenda nayo dukani, na mkanda, sili na themostati hubadilishwa ikiwa bado iko sakafuni. Namba ya injini mpya huandikishwa kwa mamlaka ya usafiri (NTSA) nchini Kenya au mamlaka ya mapato (TRA) nchini Tanzania, kwa kuwa gari ambalo namba yake haifanani na ya kwenye kadi huleta maswali siku ya kuuzwa au ya kukaguliwa na polisi.